Kipande cha Barabarani

Saa moja na nusu asubuhi, wiki ya sita tangu kupanda, mahindi ya kipande cha barabarani yalikuwa hayajafika gotini. Majani ya chini yalikuwa ya zambarau kingoni, ya juu yalikuwa ya manjano iliyopauka, na kati ya shina na shina udongo ulionekana wazi kama kichwa kilichonyolewa vibaya. Vipande vitatu vilivyofuata, katika shamba lilelile, vilikuwa vimepandwa siku ileile kwa mbegu ileile. Cha nne, kule nyuma ambako mpita njia hafiki, majani yake yalikuwa yamefungana na kijani chake kilielekea weusi.

Jirani aliyeitwa Redio alisimamisha baiskeli, akaweka mguu mmoja chini.

"Shemeji! Hii ni mboga ya majani au ni mahindi?"

Mwenye shamba, mwanamke wa makamo, alikuwa akipalilia. Hakuinua kichwa. "Ni mahindi ya majaribio."

"Mnajaribu nini? Kufa?"

"Ni kipande cha kulinganishia. Hakipewi kitu."

"Nacho kimeitika, shemeji. Hakijapewa na hakitoi." Redio alicheka peke yake, kisha akaona huruma kidogo. "Usijali. Nitawaambia watu ni mradi unaolima, si ninyi."

Alipanda baiskeli akaenda zake kinuni. Aliitwa Redio kwa sababu jambo likishaingia kwake halikuwa na kituo. Mwanamke yule alijua kwamba kabla jua halijachoma, wote waliopeleka mahindi kusaga watakuwa wamesikia, na kwamba maneno "ni mradi unaolima" yatakuwa yamedondoka njiani.

Mumewe walimwita Kamba, kwa kuwa hakupanda hata mstari mmoja bila kuvuta kamba na kupima nafasi. Ndiyo sababu Bwana Shamba alilichagua shamba lake kati ya yote ya bondeni. Alikuja kabla ya mvua, akaligawa mapande manne yaliyo sawa, kisha akatia vizibo vinne vya soda ndani ya kofia, akapiga kura. Kipande kimoja kilipata mbolea peke yake, kimoja chokaa ya shamba peke yake, kimoja chokaa na mbolea. Kile kisichopata kitu kiliangukia barabarani.

"Hiki kitupu si kiende kule nyuma?" mwanamke alikuwa ameuliza siku ile.

"Mama, nikianza kuchagua, hili si jaribio tena. Kura ni kura. Na tafadhali, kisiguswe. Hata kijiko cha mbolea kisiingie."

Bwana Shamba alikuwa na dhana moja, na aliieleza waziwazi. Kwa miaka mingi watu wa bonde lile walikuwa wamebadilisha mbegu, wameongeza mbolea, wamepanda mapema, na magunia hayakuongezeka. Aliamini udongo umechachuka kama maziwa yaliyolala, na katika udongo wa namna hiyo mizizi haiwezi kuichukua mbolea hata ukiimwaga kwa karai. Dawa yake ni chokaa. Mradi ulikuwa na malori ya chokaa ya bei nafuu kwa bonde moja tu: hili, au lile la ng'ambo ya mlima. Vipande vinne ndivyo vingeamua.

Katika nyumba ya Kamba viliamua zaidi ya hapo. Chini ya udongo wa shamba lao kulikuwa na mfinyanzi safi, na mtu waliyemwita Mwenye Matofali alikuwa amekwisha kuja mara mbili kuuliza kama wanauza. Watoto wao wawili walikuwa wamekwenda mjini, kila mmoja na kibarua chake, na hakuna aliyeonyesha dalili ya kurudi kushika jembe. Kamba alikuwa ametoa kauli yake mezani, mbele ya mama yake na mkewe.

"Udongo ukiwa na dawa, nabaki. Kama hauna, nauza kabla haujanizika."

Mkewe hakutaka uuzwe. Alilisema hilo mara moja, wala hakulirudia, kwa kuwa Kamba hakuwa mtu wa kurudiwa.

*

Siku tatu kwa wiki mwanamke alifanya kazi kwenye tanuri la mikate. Kazi yake ilikuwa kuosha trei, kufagia unga sakafuni, na kuzoa majivu baada ya uokaji wa kwanza. Tanuri lilikula kuni kuanzia alfajiri, na kufikia saa tatu lilikuwa na majivu ya kujaza ndoo mbili, laini na meupe. Yalitupwa nyuma ya ukuta, kwenye shimo lililokuwa limejaa.

"Nasikia shamba lenu limekuwa sinema," alisema mwoka mikate huku akipaka trei mafuta. "Watu wanapita kutazama bure."

"Umesikia kwa nani?"

"Wewe niambie ni nani hajasikia."

Vijana waliokanda unga walicheka. Hawakuwa na ubaya. Yeye pia alicheka, kwa sababu asiyecheka angeongezewa.

"Naweza kuchukua majivu?" aliuliza.

"Chukua. Chukua hata na tanuri ukiweza."

Kuweka majivu kwenye mahindi hakukuwa jambo geni. Kila aliyekuwa na viwavi alitia majivu kidogo kwenye moyo wa mmea, pale majani machanga yanapochomoza, na Bwana Shamba mwenyewe alikuwa amekubali hilo, mradi litendeke sawa kwa vipande vyote. Mwanamke alitia kidogo kila mmea, kipande cha kwanza hadi cha nne. Alipomaliza, ndoo moja ilikuwa bado imejaa. Alisimama nayo barabarani. Kuirudisha nyumbani kulikuwa upuuzi, na kuimwaga njiani kulikuwa uchafu. Aliimwaga katikati ya mistari ya kipande cha barabarani, akaifukia kwa jembe kama mtu anayepalilia.

Nyumbani mkwewe alikuwa amekaa kwenye kiti cha mlangoni, akichambua maharage kwenye ungo.

"Mimi nimeolewa hapa, na hapa nimezeekea," mama yule alisema bila kuulizwa. "Hakuna aliyewahi kupita akasema shamba hili lina njaa. Kipande kile kinatutangaza."

"Mama, ni agizo la Bwana Shamba."

"Agizo ni lake. Aibu ni ya nani?"

Siku iliyofuata ya kazi alirudi na ndoo mbili. Kamba alikuwa akienda vibarua kwenye mashamba ya watu mpaka adhuhuri, kwa hiyo hakuwepo. Siku nyingine upepo uliyainua majivu yakamjaa machoni, na mwanamke akaona ni heri kuyachanganya na kitu kizito. Alikwenda kwenye banda la kuku, akakwangua sakafu. Alijiambia kwamba kinyesi kile ni cha kuyashika majivu yasipeperuke. Hakujificha. Alifanya mchana, kando ya barabara, jinsi mtu anavyofanya jambo ambalo bado hajakubali kwamba analifanya.

"Majivu si mbolea," alimwambia mkwewe jioni moja.

"Kwani nani kasema ni mbolea?" alijibu mama, akaendelea na maharage yake.

Mvua ilinyesha vizuri. Wiki ya tisa zambarau ilikuwa imetoweka. Wiki ya kumi na moja mahindi ya barabarani yalikuwa yamempita Redio kwa urefu, naye alisimamisha baiskeli tena.

"Shemeji, mgonjwa katoka hospitali!"

Mwanamke alicheka, na safari hii kicheko kilikuwa chake mwenyewe. Kwa siku kadhaa alitembea barabarani bila haraka. Kinuni alisimama kwenye foleni na kuongea na watu kama zamani.

Bwana Shamba alipokuja kukagua alishika jani la kipande cha kwanza, akalisugua kati ya vidole, akatazama kipande cha pili, kile cha mbolea tupu, ambacho kilikuwa kimedumaa vilevile. Alirudi kwenye cha kwanza.

"Mvua imekuwa nzuri," alisema Kamba.

"Imenyesha vipande vyote," alijibu Bwana Shamba.

*

Siku ya kuvuna walisimamisha miti mitatu, wakaifunga vichwa, wakaning'iniza mizani. Watu wa bonde walikuja wengi, wengine na viti vyao. Kamba alikuwa amevaa shati la kutokea. Kila kipande kilivunwa peke yake, kikapukuchuliwa peke yake, na magunia yakapangwa mbali mbali ili yasichanganyike. Kamba mwenyewe aliyapanga, na mtu asiyejua angedhani anapanga vyombo vya kioo.

Kipande cha chokaa na mbolea kilitangulia kupimwa, na watu walipiga makofi. Hakuna aliyewahi kuona uzito ule ukitoka kwenye eneo dogo kama lile. Cha chokaa peke yake kikafuata, nacho hakikuwa kibaya. Cha mbolea peke yake kilitoa gunia lililolegea. Mshale wa mizani ulitikisika kidogo tu.

Kisha wakaning'iniza mavuno ya kipande kitupu. Bwana Shamba aliutazama uzito, akashusha gunia, akalipandisha tena. Lilikuwa limekishinda cha mbolea kwa mbali. Limekipita kidogo hata cha chokaa.

"Hee!" alisema Redio. "Kumbe tumekuwa tukinunua mbolea bure! Dawa ni kuliacha shamba lenyewe!"

Watu walicheka. Bwana Shamba hakucheka. Alimgeukia Kamba na kuuliza kwa sauti ya kawaida, iliyosikika kwa wote.

"Bwana, nitauliza mara moja tu. Kipande hiki kimewekwa kitu chochote?"

Kamba alisimama wima. Katika maisha yake alikuwa amesingiziwa mambo machache sana, na hakuwa na mazoea.

"Hakuna mkono uliokigusa. Naapa mbele ya mama yangu huyu aliyenizaa. Nikiwa nasema uongo, shamba hili lisinilishe tena."

Mkewe alikuwa ameshika mdomo wa gunia lililofuata. Midomo yake ilifunguka. Mkwewe, aliyekuwa ameketi mbele, alikohoa.

"Mwanangu, niletee maji ya kunywa. Koo limekauka kwa vumbi hili."

Mwanamke aliliachia gunia, akaenda nyumbani, akateka maji, akarudi na kikombe. Aliporudi Bwana Shamba alikuwa akifungua mizani, na watu walikuwa wameanza kubeba viti vyao.

*

Majibu yalitolewa kwenye darasa la shule, watu wazima wakiwa wamejibana kwenye madawati ya watoto. Bwana Shamba hakuzungusha maneno.

"Kama tatizo lingekuwa uchachu wa udongo, kipande kitupu kingekuwa cha mwisho. Hakikuwa. Mradi unasoma takwimu, hausomi dhana yangu. Malori ya chokaa yatakwenda bonde la ng'ambo."

"Kwa hiyo udongo wetu mzima!" Redio alisema, na wengine wakapiga makofi, wakifurahi kama watu walioambiwa na daktari kwamba hawana ugonjwa.

Mwanamke mmoja wa nyuma alinyoosha mkono. "Kama ni mzima, mbona hatuvuni?"

"Sijui, mama," alisema Bwana Shamba. "Nilidhani najua."

Kamba alikuwa amekaa mbele. Alisikiliza mpaka mwisho, akasalimiana na Bwana Shamba kwa mikono miwili, akatoka. Mkewe alimtafuta uani asimwone. Watu walimwambia ameondoka na pikipiki, amepakiwa nyuma.

Alirudi jioni chakula kikiwa mezani. Alinawa, akakaa, akala vijiko viwili vitatu.

"Nimeuza," alisema. "Tumeandikiana na Mwenye Matofali mbele ya mashahidi wawili, na amenipa kianzio cha malipo. Nyumba inabaki na uwanja wake. Shamba lote linakwenda."

Mama yake aliacha kutafuna.

"Leo?" mkewe aliuliza. "Umeuza leo?"

"Nilisema tangu mwanzo. Kama udongo una ugonjwa unaojulikana, tunabaki. Mtaalamu mwenyewe kasema hajui. Nimngoje nani mwingine?"

Mkewe aliweka kijiko chini. Alikuwa amelipanga jambo hili kichwani tangu siku ya mizani, na kila siku alikuwa amelisogeza mpaka kesho yake. Sasa maneno yote aliyoyapanga yalimkimbia, yakabaki machache.

"Kipande cha barabarani nilikilisha mimi."

Kamba alimtazama.

"Nilitia majivu ya tanuri. Na kinyesi cha kuku, cha bandani. Nilikuwa nafukia wakati wa kupalilia."

"Ya viwavi?"

"Yalianza kwa viwavi."

Bati la paa lilialika kwa baridi ya jioni.

"Ndoo ngapi?" Kamba aliuliza.

"Sikuhesabu."

"Kumi? Thelathini?"

"Sikuhesabu, baba watoto."

"Ungehesabu," alisema taratibu. "Ungehesabu, tungekuwa bado na jaribio."

Hakupandisha sauti. Mkewe alikuwa amejiandaa kwa kelele, na kwa kuwa hazikuja hakujua afanye nini na mikono yake.

"Watu walikuwa wanatucheka," alisema. "Kila siku. Kinuni, kazini, barabarani. Nikajiambia, majivu si mbolea."

"Mimi nilimwona," mama alisema.

Kamba aligeuka. "Ulimwona, mama? Nimeapa kwa jina lako na wewe ulimwona?"

"Nilimwona. Ningesema nini? Shamba lilipendeza." Mama alisogeza sahani yake pembeni. "Sikujua utaapa. Mtu haapi kwa ajili ya mahindi."

*

Asubuhi walikwenda wote wawili ofisini kwa Bwana Shamba, chumba kimoja chenye mifuko ya sampuli za udongo mpaka chini ya meza. Kamba ndiye aliyeeleza. Alieleza vizuri, kwa mpangilio, kama vile ni jambo la nyumba nyingine.

Bwana Shamba alisikiliza, kisha akamgeukia mwanamke. "Majivu ya kuni? Kila siku ya kazi?"

"Ndiyo."

"Mama, majivu ya kuni yanafanya kazi ileile ya chokaa. Na samadi ya kuku ni mbolea, tena kali. Umekipa kipande kile chokaa na mbolea bila kujua." Alikaa, akafuta uso kwa kiganja. "Maana yake nilikuwa sahihi. Udongo wenu ni mchachu na unatibika. Umenithibitishia, na siwezi kumthibitishia mtu mwingine yeyote."

"Si unaweza kuwaambia?" alisema mwanamke. "Niko hapa. Niulizeni chochote."

"Nitawaambia."

Alipiga simu palepale. Walisikia upande wake peke yake. Alisema majivu, akasema hapana, akasema hawakukusudia, akasema ndiyo mkuu, naelewa, kisha akasikiliza tu simu ikiwa sikioni. Alipoikata aliiweka mezani kwa uangalifu.

"Wamesema kituo hiki cha majaribio kimeingiliwa, kwa hiyo kinafutwa. Bonde la ng'ambo vituo vyao ni safi. Wanaweza kurudia hapa msimu ujao, kama mwenye shamba atakubali."

"Shamba nimeuza jana," alisema Kamba.

Bwana Shamba alivuta daftari, akalifungua. Kisha akasema, "Lazima niandike ni nani aliyeingilia. Watu wa bonde watauliza kwa nini walikosa chokaa, nami sitawadanganya."

"Andika mimi," mwanamke alisema.

"Andika mimi," alisema Kamba.

"Si yeye! Yeye alikuwa hajui lolote."

"Nyamaza, mke wangu. Aliyeapa ni mimi." Alimtazama Bwana Shamba. "Andika mwenye shamba. Inatosha."

Bwana Shamba aliandika hivyo.

Kutoka hapo walikwenda tanurini kwa Mwenye Matofali, ambako matofali mabichi yalianikwa safu kwa safu chini ya nyasi kavu. Aliwapokea kwa heshima, akamfutia mwanamke benchi kwa leso.

"Tunataka kurudisha kianzio," Kamba alisema. "Tumegundua udongo una dawa. Unatibika."

"Nafurahi kusikia hivyo, kaka. Lakini mimi sikununua mahindi. Nimeshalipia kuni za msimu mzima na vijana wa kuchimba." Alimgeukia mwanamke. "Dada, ningekuwa nafanya biashara ya kurudishana, ningekuwa bado nauza karanga."

"Mkishachimba udongo wa juu, kinabaki nini?" mwanamke aliuliza.

"Shimo," alisema Mwenye Matofali. "Sitawadanganya. Mvua ikija, bata wanapenda."

Walirudi kwa miguu. Njiani mwanamke alisema, "Nisamehe." Kamba alijibu kwamba jua ni kali, watembee upande wa kivuli.

*

Habari ilimfikia Redio kabla ya mwisho wa wiki, na kwa mara ya kwanza hakuicheza sana. Alipita barabarani bila kusimamisha baiskeli. Watu wengine walimsimamisha Kamba na kumwuliza kama ni kweli alitia samadi usiku ili ajionyeshe. Hakukana. Mwanamke mmoja, yule aliyeuliza swali darasani, alikwenda kwenye tanuri la mikate kuomba majivu. Baada yake wakaja wengine na ndoo. Mwoka mikate, alipoona foleni, aliweka bei.

"Na wewe," alimwambia mfanyakazi wake, "siku hizi uzoe kwa utaratibu, usiyachanganye na takataka. Hii ni mali."

Mavuno ya vipande vinne yalikuwa yamewekwa ndani, gunia juu ya gunia, na familia iliyala. Mkwe hakutaja tena kipande cha barabarani. Siku moja alisema, "Mficha uchi hazai," akiwa peke yake na maharage yake, na mkaza mwanawe, aliyekuwa akipita na ndoo ya maji, hakujua kama anasemwa yeye au mama anajisema mwenyewe.

Vijana wa kuchimba walikuja kiangazi kilipokomaa. Walianzia barabarani, kwa sababu ndiko rahisi kupakia. Udongo wa juu haukufaa kwa matofali, ulikuwa na mizizi na mboji, kwa hiyo waliupiga pembeni ili waufikie mfinyanzi. Waliurundika barabarani, ukawa tuta lililoziba njia kutoka ukingo hadi ukingo. Kamba na mkewe walikuwa uwanjani wakitazama. Kufikia saa nne shimo lilikuwa limemficha mtu hadi kifuani, na kuta zake zilionyesha wazi mahali ambapo weusi unakoma na wekundu unaanza. Weusi ulikuwa mwembamba kuliko alivyodhani yeyote kati yao.

Saa tano lori lilitokea likiwa limefunikwa turubai, na nyuma yake mengine mawili. La mbele lilisimama mbele ya tuta. Dereva alipiga honi, kisha akateremka, nguo zake zikiwa nyeupe mabegani.

"Wenye udongo huu ni nani? Tuna mzigo wa chokaa wa ng'ambo, wa mradi. Tunatakiwa tuushushe kabla ya jioni."

Vijana wa kuchimba walisema wao wanalipwa kwa mfinyanzi, si kwa takataka za juu. Wakakaa kivulini kunywa maji.

Kamba aliingia nyumbani akatoka na sepetu mbili. Moja alimpa mkewe. Walianza kutoka ukingo wa kushoto, wakiutupa udongo ule mtaroni, sepetu kwa sepetu. Dereva alitazama saa yake, kisha akawasaidia kusukuma mabonge kwa mguu. Mkwe alitoka hadi mlangoni, akasimama.

Njia ilipopata upana wa kutosha, dereva alipanda, akawasha gari. Kamba alimwongoza kwa mkono, kidogo kulia, kidogo kushoto, ili magurudumu yasiteleze shimoni. Malori matatu yalipita.